Mtikisa Mkuki: Historia ya Jina Shakespeare

Mwaka 1487, msomi mmoja wa Chuo cha Merton, Oxford, aliamua kulitupa jina la ukoo wake. Aliitwa Hugh Shakspere. Karani wa chuo alipoliingiza badiliko hilo kitabuni, alieleza kwa Kilatini kwamba bwana huyo sasa ni Hugh Saunders, kwa sababu jina lake la kwanza lilihesabiwa kuwa la hadhi ya chini. Wakati huo hakuna aliyeona ajabu. Msomi alikuwa amepanda ngazi, na jina lake lilikuwa limebaki chini.

Miaka 77 baadaye, katika mji mdogo usio mbali sana na Oxford, alibatizwa mtoto ambaye angelifanya jina hilo litamkwe duniani kote. Hata hivyo, katika nchi lilikozaliwa, Shakespeare limebaki kuwa jina adimu. Akina Smith wa Uingereza wanazidi 500,000. Lakini Mwingereza anaweza kuzeeka bila kuketi meza moja na mtu wa ukoo wa Shakespeare. Jina huongezeka kwa watoto wa kiume, na husifika kwa matendo ya mwenyewe. Kwa jina hili, njia hizo mbili ziliachana mapema.

Zama za jina moja: 1066–1381

Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Aliyepewa jina la Wulfric aliitwa Wulfric, basi. Vijiji vilikuwa vidogo, watu walijuana, na majina ya Kiingereza cha kale yalikuwa mengi kiasi kwamba hayakugongana mno.

Wanormani walibadili mambo mawili. Mabwana wao walikuja na desturi ya kujitambulisha kwa ngome au kijiji walichomiliki kwao Normandy, na jina hilo lilirithiwa pamoja na ardhi. Tena walileta majina yao ya kupewa, William, Robert na Richard, na baada ya vizazi vichache wakulima nao wakawaiga. Majina ya kale yakafifia. Kufikia karne ya 14, majina matano tu, yaani John, William, Thomas, Richard na Robert, yalikuwa yamewachukua zaidi ya nusu ya wanaume wote wa Uingereza.

Hapo ndipo kazi ya karani ilipokuwa ngumu. Mahakama ya bwana shamba inamdai John kodi ya pango, John yupi? Yule mwana wa Robert, yule wa mlimani, yule mhunzi, au yule mfupi mwenye hasira? Karani akaongeza neno la pili ili madeni yasichanganyike. Kodi za kichwa za 1377, 1379 na 1381 zikalitia jambo hilo mkazo, kwa kuwa kila mtu mzima alipaswa kuhesabiwa. Mkulima naye alikuwa na faida yake: akiwa na jina moja na marehemu baba yake, ilikuwa rahisi zaidi kudai daftarini kwamba shamba lile ni lao. Hivyo neno la karani likawa mali ya familia, polepole, kusini kukitangulia kaskazini.

Majina hayo yalitoka katika chemchemi nne: jina la baba, kama Johnson, mahali, kama Hill, kazi, kama Smith, na lakabu. Chemchemi hizo hazikutoa maji sawasawa. Karibu kila kijiji kilikuwa na mhunzi, kwa hiyo jina Smith lilizaliwa mahali pengi kwa wakati mmoja, katika familia zisizohusiana hata kidogo. Lakabu ilitegemea mtu mmoja, tabia yake moja na ulimi wa majirani zake. Nyingi zilikufa na wenyewe. Chache zilizorithiwa zilianzia kwa familia mbili tatu, na uchache huo wa mwanzo zimekwenda nao hadi leo.

Kitenzi na kitu: mkuki unatikiswa

Shakespeare ni lakabu, tena ya muundo maalumu: kitenzi kinachofuatwa na kitu. Maneno yake mawili katika Kiingereza cha zama za kati yana maana ya kutikisa na mkuki. Ndugu zake wa muundo huo ni wengi. Yuko Drinkwater, mnywa maji. Yuko Makepeace, mleta amani. Yuko Wagstaffe, mpunga fimbo. Yuko Shakeshaft, ambaye naye hutikisa mpini. Aliyepanda juu kuliko wote ni Nicholas Breakspear, mvunja mkuki, aliyechaguliwa kuwa Papa mwaka 1154 akaitwa Adrian wa Nne. Hadi leo ndiye Mwingereza pekee aliyewahi kushika kiti hicho. Muundo wenyewe ulifanana na ule wa Wafaransa, waliokuwa na majina kama Taillefer, mkata chuma.

Msomaji wa Afrika ya Kati hahitaji kufundishwa namna lakabu ya aina hii inavyofanya kazi. Wakongo walipomwona Henry Morton Stanley akipasua miamba ili kupitisha barabara, walimwita Bula Matari, mvunja mawe. Stanley aliondoka, lakabu ikabaki. Ikarithiwa na serikali ya kikoloni yenyewe, hata kila ofisa wa dola akawa Bula Matari. Kijiji cha Kiingereza cha karne ya 13 kilikuwa na ufundi uleule wa kumtazama mtu, kumpa jina kwa kile anachokifanya, kisha kuwaachia watoto wake mzigo.

Lakini mtikisa mkuki wa kwanza alifanya nini hasa? Huenda alikuwa askari. Huenda alikuwa mtumishi wa mahakama au wa bwana, aliyetembea na silaha au fimbo ya cheo ili watu wampishe. Huenda alikuwa mgomvi tu, mtu wa kutishia bila kupiga. Maelezo ya nne huwafanya wasomi wa majina watabasamu: mkuki unaweza kuwa fumbo la kiungo cha mwanamume, na lakabu nzima ikawa utani wa matusi. Vijiji vya zama hizo havikuwa na haya, na madaftari yao yana lakabu chafu kuliko hii. Kwa mwanga huo, Hugh wa Merton anaeleweka zaidi.

Historia ya jina hili katika maandishi nayo haikuanza kwa heshima. Mmoja wa watu wa kwanza kuandikwa nalo ni William Sakspere wa Clopton, Gloucestershire, ambaye mwaka 1248 alinyongwa kwa kosa la wizi. Alikuwa William, na kwao palikuwa mwendo mfupi tu kutoka Stratford, mji alikobatizwa mtunzi wa tamthilia. Miaka zaidi ya 300 inamtenganisha na William yule mwingine, na hakuna uhusiano wa damu uliothibitishwa kati yao.

Mashamba ya Warwickshire: 1348–1552

Tauni ya 1348 na 1349 iliua labda theluthi moja hadi nusu ya Waingereza. Majina ya ukoo yaliyokuwa na wenyewe wachache yalikuwa hatarini kuliko yote, kwa kuwa vifo vya kaya moja tu viliweza kulifuta jina. Mtikisa mkuki aliponea chupuchupu, na kufikia karne ya 15 akina Shakespeare wanaonekana wakiwa wamejikusanya katika vijiji vya Warwickshire, hasa Rowington na Wroxall. Kitabu cha chama cha kidini cha Knowle, ambamo watu walijiandikisha ili waombewe, kina majina yao kadhaa. Mmoja, Isabella, alikuwa mkuu wa watawa wa Wroxall. Walikuwa wakulima na mafundi. Matajiri kati yao ni wa kutafutwa.

Huku wenzake wa vijijini wakilivaa jina bila kulifikiria, Hugh alikuwa Oxford akilivua. Saunders lilikuwa jina la kawaida, lisilochekesha, na lenye wenyewe wengi. Kitendo chake kinatuonyesha sababu nyingine ya majina ya lakabu kupungua: aliyepata elimu au mali aliweza kuliacha jina, na watoto wake, kama walikuwepo, wasijue kamwe walikotoka.

Mwaka 1529 anajitokeza mpangaji wa shamba katika kijiji cha Snitterfield, Richard Shakespeare. Makarani walimwandika walivyosikia, na wakati mmoja wakamwita Shakstaff, mtikisa fimbo, kana kwamba mkuki na fimbo ni kitu kimoja. Jina lilikuwa bado laini kama udongo wa mfinyanzi. Lilianza kukauka mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, alipoagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Tangu hapo mtoto alizaliwa na jina tayari limeshamngoja kitabuni.

John, mwana wa Richard, hakutaka jembe. Alihamia Stratford-upon-Avon akajifunza kutengeneza glavu na kulainisha ngozi. Mji huo unamtaja kwa mara ya kwanza Aprili 1552, alipotozwa faini ya shilingi moja kwa kurundika samadi katika mtaa wa Henley. Ndivyo jina Shakespeare lilivyoingia Stratford: kwa lundo la samadi.

Ngao na kaburi: 1557–1602

John alikuwa mwenye bidii, na alioa vizuri. Mkewe, Mary Arden, alikuwa binti wa mwenye shamba ambalo babake John alikuwa mpangaji wake, na Arden lilikuwa jina la heshima kubwa Warwickshire. Kama desturi ingekuwa ya watoto kufuata jina la mama, dunia ingekuwa inasoma tamthilia za William Arden. Mwaka 1568 John alichaguliwa kuwa mkuu wa mji, ingawa hati alizitia alama tu badala ya sahihi.

Mwana wao mkubwa alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564. Alipooa mwaka 1582, karani mmoja alimwandika Shaxpere, na siku iliyofuata mwingine akamwandika Shagspere. Watoto walikuja haraka: Susanna mwaka 1583, kisha pacha, Hamnet na Judith, mwaka 1585. Baada ya hapo baba yao alikwenda London kutafuta riziki jukwaani.

Huko London maana ya jina ilizinduka. Mwaka 1592 kijitabu kilichotolewa kwa jina la mwandishi Robert Greene, aliyekuwa amekwisha kufa, kilimshambulia mwigizaji mmoja chipukizi anayejiona fundi wa kuandika, kikalipindua jina lake ili lisomeke kama mtikisa jukwaa. Lilikuwa tusi, lakini linaonyesha kwamba msomaji wa siku zile aliposoma Shakespeare bado alimwona mtu na mkuki wake.

Familia ilikuwa na mpango wa kuligeuza tusi hilo kuwa fahari. John aliwahi kuwazia kuomba nembo ya ukoo, mali zikampungua, ombi likalala. Mwaka 1596, mwana akiwa na fedha, ombi liliamshwa, na tarehe 20 Oktoba afisa wa nembo William Dethick akaidhinisha. Ngao ilikuwa ya dhahabu yenye mkanda mweusi wa mshazari, na juu ya mkanda umelala mkuki wa dhahabu wenye ncha ya fedha. Juu ya ngao alisimama kipanga ameshika mkuki. Kaulimbiu, kwa Kifaransa cha kale, ilimaanisha "Si bila haki". Lakabu ya kijijini, iliyotajwa kwenye mti wa kunyongea na kufichwa Oxford, sasa ilikuwa imechorwa kwa dhahabu.

Nembo hurithiwa kwa jina, na mrithi wa jina alikuwa amekwisha kuzikwa. Hamnet, mtoto pekee wa kiume wa William, alizikwa Stratford tarehe 11 Agosti 1596 akiwa na miaka 11. Ngao ilichelewa kwa wiki 10. Na hata wenye ngao hawakuachwa watulie: mwaka 1602 afisa mwingine wa nembo, Ralph Brooke, alilalamika kwamba Dethick anawapa nembo watu wasiostahili, na katika orodha yake alimweka Shakespeare mwigizaji.

Herufi zisizotulia: 1593–1623

Zimebaki sahihi sita ambazo wasomi wengi wanakubali kuwa za mkono wa William mwenyewe: moja katika ushahidi wa kesi ya mwaka 1612, mbili katika hati za kununua nyumba huko Blackfriars mwaka 1613, na tatu katika wosia wa 1616. Nyingine zimefupishwa, nyingine zimekamilika, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwa tahajia tunayoitumia sisi. Nyingi zinaanza na Shaks-, jambo linalowafanya wataalamu wa matamshi waamini kwamba nyumbani Stratford irabu ya kwanza ilikuwa fupi.

Tahajia ya leo ilitoka kwa wachapaji. Mwaka 1593 Richard Field, kijana wa Stratford aliyekuwa na mtambo wa kuchapa London, alitoa utenzi wa Venus and Adonis, na chini ya tabaruku likasimama jina William Shakespeare, herufi zote mahali pake. Jalada la soneti zake mwaka 1609 liliweka kistari katikati ya jina, kana kwamba linamkumbusha msomaji kuwa ni maneno mawili. Mkusanyo mkubwa wa tamthilia zake wa mwaka 1623 ulishika tahajia ya Field. Waandishi wa karne ya 18 na 19 waliendelea kubishana, wengine wakishikilia Shakspere au Shakspeare, lakini mwishoni kitabu kilishinda kalamu ya mwenyewe.

Wana saba wasiozaliwa: 1607–1670

Wakati jina linatulia kwenye karatasi, watu wake walikuwa wanaisha. Edmund, ndugu mdogo aliyemfuata William jukwaani, alizikwa London siku ya mwisho ya mwaka 1607. Gilbert alifuata 1612, Richard 1613. Hakuna ndugu wa kiume aliyeacha mtoto wa kuliendeleza jina.

William alilijua hilo alipoandika wosia wake mwaka 1616. Mali nyingi alimwachia Susanna, na baada yake mwana wa kwanza wa kiume wa Susanna; asipokuwepo, wa pili; kisha wa tatu, wa nne, akaendelea hivyo mpaka wa saba. Susanna alikuwa na binti mmoja tu, Elizabeth, na hakuzaa tena.

Judith, pacha wa Hamnet, alijaribu njia nyingine. Aliolewa na Thomas Quiney, na mwana wao wa kwanza, aliyebatizwa Novemba 1616, miezi michache tu baada ya babu yake kufa, walimwita Shakespeare Quiney. Jina la ukoo liligeuzwa kuwa jina la kupewa ili lisipotee. Mtoto alizikwa Mei 1617, na wadogo zake wawili wa kiume walifariki mwaka 1639 wakiwa vijana. Elizabeth aliolewa mara mbili na hakupata mtoto. Alipofariki mwaka 1670, kizazi cha William kilikwisha.

Damu ya familia iliendelea kwa dada yake tu, Joan, aliyeolewa na fundi wa kofia aitwaye Hart. Wazao wake waliimiliki nyumba ya familia katika mtaa wa Henley hadi mwanzoni mwa karne ya 19, lakini waliitwa Hart. Wenye damu hawakuwa na jina.

Wenye jina bila damu: karne ya 18 hadi ya 20

Na wenye jina hawakuwa na damu yake. Akina Shakespeare waliopo leo wametokana na matawi mengine: binamu wa mbali, au familia zilizopewa lakabu ileile na majirani wengine. Hawakusambaa sana. Viwanda vilipoichangamsha Birmingham, wengi waliacha mashamba ya Warwickshire na Worcestershire wakaingia humo na katika miji ya makaa na chuma iliyoizunguka, na hadi leo Uingereza ya kati magharibi ndiyo kitovu chao. Mchoraji Percy Shakespeare, aliyeuawa na bomu huko Brighton mwaka 1943, alikuwa mzaliwa wa mji wa Dudley. Nicholas Shakespeare, mwandishi wa riwaya, alizaliwa Worcester mwaka 1957.

Wengine walivuka bahari. Katika visiwa vya Karibi majina ya Kiingereza yaliwaangukia Waafrika waliotumikishwa utumwani, mara kwa amri ya mabwana, mara kwa uamuzi wao wenyewe walipoandikishwa huru baada ya 1834. Wapenzi wa rege wanamfahamu Robbie Shakespeare, aliyezaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1953. Yeye na mpiga ngoma Sly Dunbar walikuwa uti wa mgongo wa nyimbo za Peter Tosh na Black Uhuru. Kwenye gitaa la besi jina hilo lilipata bwana wa pili, na yeyote aliyecheza rege katika miaka ya 1980 alimsikia, hata kama hakumjua.

Mwambao na baada yake: 1867–2024

Kwetu jina lilifika kwa hadithi. Mwaka 1867 mmisionari Edward Steere alichapisha Unguja kijitabu cha Hadithi za Kiingereza, chenye visa vinne vilivyotokana na tamthilia za Shakespeare. Baada ya karibu miaka 100, Julius Nyerere, akiwa Rais, alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, akairudia mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye alitoa Makbeth na Tufani. Wafasiri hao walilainisha kila kitu kiingie kinywani mwa Mswahili, hata Kaisari wa Roma. Jina la mtunzi liliachwa na herufi zake za kigeni, ingawa ulimi wetu haukungoja ruhusa: tunaandika Shakespeare, tunasema Shekspia. Waarabu walikuwa na utani wao wa muda mrefu, kwamba bwana huyo kwa hakika ni Sheikh Zubeir. Kila lugha imemfanyia jina lake yale waliyoyafanya makarani wa Stratford, yaani kuliandika inavyolisikia.

Kisha jina lilirudi kwetu kwa mlango ambao Nyerere hakuutarajia. Februari 2017, Leicester City, bingwa wa England wa msimu uliotangulia, ilimfuta kazi kocha Claudio Ranieri na kumweka msaidizi wake, Craig Shakespeare, mzaliwa wa Birmingham. Mwezi uliofuata aliiongoza kuitoa Sevilla na kuingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Alifariki Agosti 2024 akiwa na miaka 60. Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam na Mombasa, mashabiki waliolitaja jina hilo msimu ule hawakuwa wanawazia tamthilia yoyote. Walikuwa wanabishana kuhusu beki na mshambuliaji, na Shakespeare alikuwa mtu tu wa Uingereza ya kati anayefanya kazi yake, kama alivyokuwa kabla Hugh hajamwonea haya.